Niliichagua Antivairasi kwa Sababu Muuzaji Aliniamkia

Ndugu wasomaji, nimekosa. Nasema mapema kabisa ili msije mkaniona mtu mwema, halafu huko mbele mkanigeuka. Nimekosa mimi mwenyewe. Siyo kompyuta, siyo mtandao, siyo shetani. Shetani wa watu siku ile alikuwa amelala zake.

Jina langu sisemi. Kwetu ni Nambis, Mbulu, kwa wakulima wa vitunguu saumu, na kwetu mtu akilisikia jina lako anakumbuka mpaka ng'ombe wa babu yako. Niacheni hivi hivi.

Nilikuwa mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa. Wanachama walikuwa wa aina mbili: sisi wa milimani na vitunguu vyetu, na wafugaji wa tambarare za Hanang, kule Dirma. Sisi tunaleta pesa baada ya mavuno, wao baada ya mnada. Ofisi ilikuwa Mbulu mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea, na kinanuka mbolea mpaka leo nikikikumbuka.

Mwenyekiti wetu alikuwa mzee wa Dirma. Mrefu, shuka begani, simu kaifunga kwenye kimfuko cha ngozi shingoni. Shule alisoma kidogo, lakini kusoma anasoma, polepole, miwani ikiwa imeshuka puani. Mimi aliniita binti yangu. Na alikuwa na jambo lake moja: salamu. Uje na shida yoyote, hata nyumba iwe inaungua, kwanza umwamkie. Usipomwamkia atakutazama tu mpaka ukumbuke ulilelewa wapi.

Ni miaka ile mkoa wa Manyara bado mchanga, na Babati ndiyo kwanza inajifunza kuwa mji wa mkoa. Benki ikatuambia sasa tunaweza kufanya malipo kwenye kompyuta, hapo hapo ofisini, bila kupanda basi. Jamani, tulifurahi!

Utaratibu ulikuwa hivi. Mimi naandaa malipo kwenye kompyuta. Benki inatuma namba ya siri kwenye simu ya mwenyekiti. Mwenyekiti ananitumia namba hiyo, naiingiza, pesa inatoka. Bila yeye haitoki hata senti. Kwa kuwa kule kwake mtandao unapatikana juu ya kilima cha tangi la maji tu, tulikuwa tunaandikiana meseji. Mimi za kwangu niliandikia kwenye kompyuta, kupitia modemu, ile ya kuchomeka ubavuni. Namba ya modemu aliiandika kwenye simu yake "Ofisi".

Afisa wa benki alituonya mbele ya kamati nzima. "Kompyuta ya pesa haikai bila antivairasi. Nunueni halisi, ya kulipia kila mwaka. Za kunakili acheni."

Kamati ikanipa pesa niende Babati kununua. Nani mwingine aende? Msomi ni mimi! Cheti changu cha uhasibu kilikuwa kimetundikwa ukutani, juu ya picha ya Bikira Maria.

Duka la kompyuta nililiona mapema. Ndani kijana amekaa nyuma ya kaunta, visikilizio masikioni, anatafuna bazoka. Nimeingia na vumbi la njia nzima kichwani. Nikasimama ningoje aniamkie, au basi aseme hata karibu.

Akasema, "Sema."

Sema! Hivyo tu, kama mimi ni redio!

Nikamweleza kwa kifupi. Bila kunyanyua macho akachukua boksi akaliweka mezani. "Mnafanyia mambo ya benki? Basi hii. Unalipia kila mwaka. Usichukue za CD za kuchoma, zinakuja na wadudu wao." Akataja bei, akarudi kwenye muziki wake.

Wasomaji wangu, kila neno alilosema yule kijana lilikuwa kweli. Kila neno! Lakini mimi nilikuwa nimeshakasirika mpaka masikio yamepata moto. Mtoto asiyejua kuamkia watu ataniuzia kitu cha kulinda pesa za wazee wangu? Ndivyo nilivyowaza, na akili zangu zote na cheti changu. Nikatoka na boksi nikaliacha pale pale.

Milango michache mbele kulikuwa na kibanda cha CD za nyimbo na sinema.

"Shikamoo dada!"

Weee! Mimi, ambaye sikuwa nimefika hata thelathini! Kijana kasimama wima, mikono kaikunja mbele. Akanipa kiti, na kabla sijakaa akakifuta kwa mkono wa shati lake. Akauliza habari za Mbulu. Akauliza baridi, akauliza mvua, akauliza wazazi wangu hawajambo, vitunguu vimeotaje mwaka huu. Akaagiza chai na chapati. Nilipokuja kutaja shida yangu, moyoni nilikuwa nimeshanunua.

"Antivairasi ninazo tatu, dada. Chagua mwenyewe." Akaziwasha moja moja kwenye kompyuta yake. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu, haina raha. Ya pili ilijaa maandishi. Ya tatu ikatoa ngao kubwa ya kijani, na sauti ya mwanamke, laini, kwa Kiingereza: karibu, kompyuta yako iko salama.

"Hii inasalimia," nikasema.

"Kila asubuhi, dada."

Nikachukua hiyo. Bei yake haikufika hata robo ya lile boksi, na chai juu.

Hapo msiniite mwizi! Pesa iliyobaki niliirudisha kwenye chama, yote. Afadhali ningeila, maana kuirudisha ndiko kulikoniponza.

Kwenye kikao niliiwasha kompyuta mbele ya wajumbe. Ile sauti ikawakaribisha. Mama mmoja wa Nambis akaijibu, "Asante, na wewe." Mwenyekiti akavua miwani akasema, "Huyu mlinzi ana adabu." Halafu nikaweka chenji mezani. Chumba kikalipuka kwa vifijo! Mwenyekiti akasema wengine wakitumwa mjini pesa inarudi ikiwa maneno, lakini binti huyu kaleta mlinzi na pesa pamoja. Nikapigiwa makofi. Hakuna aliyeniuliza kama ni ile halisi aliyoisema afisa wa benki, na mimi sikusema. Nilikuwa naona aibu tamu, mnaijua ile.

Ikapita miezi. Kila asubuhi napika chai, nawasha kompyuta, nakaribishwa. Nilifika mahali namjibu yule mwanamke wa ndani ya ngao.

Siku moja mwenyekiti akatokea mlangoni pasipo taarifa. Katoka Dirma mpaka Mbulu kwa basi, vumbi mpaka kwenye kope. Nikaruka kutoka kitini.

"Shikamoo mzee!"

Kimya.

Nikadhani hajasikia. "Shikamoo mzee wangu!"

Kimya. Jamani, mnajua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa? Akafungua kimfuko chake, akatoa simu, akaninyooshea nisome. Meseji imetoka "Ofisi". Imeandikwa: Mambo. Nitumie namba fasta nina haraka.

"Jana nilikuwa juu ya kilima," akasema. "Benki ikanitumia namba. Nyuma yake ikaja hii. Mambo! Mimi na wewe tunaambiana mambo? Nimechunga nawe ng'ombe wapi? Namba sikutoa. Nikasema nitakwenda mwenyewe nikamuulize huyu binti nilimkosea nini."

Sikuandika mimi. Nililijua hilo pale pale, kabla hata hajamaliza kusema. Siku hiyo ya jana mimi sikuwa nimeandaa malipo yoyote. Nikageuka nikaitazama kompyuta. Ngao ya kijani, inang'aa, salama salimini.

Maneno yaliyotakiwa yalikuwa mawili tu: Siyo mimi. Mwenzenu nikaanza kupiga hesabu. Nikisema siyo mimi, ataniuliza ni nani basi. Itabidi aitwe mtu wa benki. Mtu wa benki ataomba kuona boksi la antivairasi, na mimi sina boksi, nina CD ya kuchoma. Itajulikana nilivyokimbia mlinzi halali kwa sababu hakuniamkia. Na yale makofi!

Nikapiga magoti. "Nisamehe mzee. Nilikuwa na haraka, adabu ikanipotea."

Yaani nilikubali kuitwa mtovu wa adabu kuliko kuitwa mjinga. Ona akili hizo!

Kwa wafugaji kumvunjia mzee heshima hakuishi kwa samahani ya ofisini. Wazee wa kwao wakakaa, wakaamua: beberu mmoja na kidumu cha asali ya kutengenezea pombe. Mimi beberu nitamtoa wapi? Akatolewa wa baba. Baba yangu ni mtu wa maswali, akiona hata kuku wa jirani kapita atauliza anakwenda wapi. Siku ile tulitoka Nambis mpaka Dirma hakuniuliza kitu. Kamshika yule beberu kamba, anatazama mbele tu. Aibu yangu ilimziba mdomo, na kumbe aibu yenyewe haikuwa ya kweli.

Wazee walinywa, wakaniombea baraka, mwenyekiti akanipulizia pombe ya asali kifuani. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, binti yangu, yamekwisha. Nililia mpaka wake zake wakanishika mabega. Walidhani nalia kwa kusamehewa.

Niliporudi ofisini nilitazama akaunti kwanza. Pesa zote za msimu zipo, za mbegu, za ada za watoto, za kila mtu. Nikashusha pumzi. Nikabadilisha neno la siri la kuingilia akaunti na kujiona mjanja. Nililibadilishia wapi? Kwenye kompyuta ile ile! Mwizi kakaa ndani anachungulia, na mimi nabadilisha kufuli mbele ya macho yake.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, nikamwandikia mwenyekiti meseji ya shukrani, kupitia modemu: "Shikamoo mzee. Asante kwa kunisamehe. Tangu leo sitakuandikia neno lolote kabla ya kukuamkia na kukuuliza hali ya ng'ombe."

Isomeni tena hiyo meseji, taratibu. Mimi nilikuja kuielewa baadaye.

Wiki chache baadaye, siku ya soko, ngao ya kijani ikaandika kwamba inasafisha kompyuta, nisiizime wala nisichomoe kitu. Mimi nani nibishane na mlinzi? Nikaiacha inawaka, modemu imechomekwa, nikaenda kula makande kwa mama mmoja sokoni. Nikakaa, nikapiga soga, nikaongeza na maziwa mgando. Niliporudi kazi ya kusafisha ilikuwa imekwisha. Kweli ilikuwa imesafisha!

Jioni simu ikalia. Mwenyekiti, sauti ya furaha, upepo wa kilimani unavuma nyuma yake.

"Binti yangu! Leo umeniamkia vizuri sana!"

"Leo, mzee?"

"Umeniamkia, ukaniuliza na ng'ombe, wanapata majani? Nikasema moyoni, huyu sasa amekua. Ile namba nimekutumia hapo hapo. Umeipata?"

Nilikaa chini, kwenye sakafu.

Benki niliwapigia hapo hapo. Sehemu ya pesa waliiwahi, sehemu ilikuwa imeshakwenda. Kesho yake akaja mtaalamu wao, akaifungua kompyuta, akaitoa ile CD kwenye droo akaigeuza geuza. Akanieleza mimi peke yangu, maana ofisini nilikuwa peke yangu. Hiyo antivairasi yenyewe ndiyo ilikuwa mlango. Kuna mtu mbali huko alikuwa anaona kila ninachoandika, na anatuma meseji kupitia modemu yetu kana kwamba amekaa kwenye kiti changu. Mara ya kwanza alikwenda kichwa kichwa akakataliwa. Halafu akasoma ile meseji yangu ya shukrani, akajua alikosea wapi.

"Alifundishwa," mtaalamu akasema.

Na mwalimu ni mimi! Mwizi wa watu nilimfundisha shikamoo, nikamfundisha na ng'ombe.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, maana hayo yote mliyosoma ni ujinga tu, na ujinga unasameheka.

Mkutano wa wanachama uliitishwa. Watu wa Nambis wakaja, watu wa Dirma wakaja, nyuso zimekunjamana. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Kweli nilikuwa nimejiandaa! Lakini mwenyekiti akasimama kabla yangu, akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Namba niliitoa mimi," akasema. "Kwa kidole changu. Binti huyu msimguse. Iliyopotea nitalipa mimi."

Na akalipa. Akapeleka ng'ombe mnadani, na katika hao akamtoa dume wake wa mabaka, ambaye Dirma nzima inajua hakuwa wa kuuzwa. Wanachama hawakupoteza kitu. Waliopata pesa zao wakaanza kunong'ona kwamba mzee amechoka, amezeeka, anadanganyika kwa salamu. Kikao kilichofuata wakamchagua mwingine.

Siku anakabidhi muhuri alinikuta nalia kwenye benchi la nje. Akakaa pembeni yangu. "Usilie, binti yangu. Kosa langu mimi ni kupenda kuamkiwa."

Nami nikanyamaza! Mzee wa watu kachukua kosa langu, kaliita lake, kaondoka nalo mpaka stendi, na mimi nikamsindikiza nikiwa nimembebea begi.

Ni miaka mingi sasa. Kazi ile niliiacha, nimeolewa, nina watoto. Mwanangu akiwaamkia wageni vizuri watu wananisifu, nami nakosa pa kuweka uso. Kila nikikutana na mwenyekiti wangu yule mnadani Katesh, ananitania: "Binti, ile kompyuta ilipona?" Nacheka. Nikifika nyumbani chakula hakipiti.

Nyie mlioshika kompyuta za pesa, za vikundi, za maduka, za parokia, nisikilizeni mimi niliyeungua. Nunueni antivairasi halisi, muilipie kila mwaka, na mkiambiwa na benki msijitie kujua zaidi. Nendeni kwa yule kijana wa "Sema". Mezeni hasira, mtoeni visikilizio masikioni ikibidi, lakini chukueni boksi lake. Programu ikikukaribisha kwa sauti nzuri usiijibu. Ukishuku kompyuta imeingiliwa, toka hapo, nenda benki kwa miguu yako, usibadilishe kitu ukiwa umekaa mbele yake. Na siku ukisimamiwa mlangoni na kosa ambalo si lako, sema siyo mimi hapo hapo, hata kama nyuma yake kuna lako la kweli. Kukaa kimya kumenigharimu kuliko CD.

Mzee wangu, najua gazeti linakufikia na najua unalisoma mpaka matangazo. Umeshanijua tangu kwa yule beberu. Meseji ya mambo haikuwa yangu. Ile nyingine, ya shikamoo na ng'ombe, nayo haikuwa yangu, na hukukosea kuiamini. Wewe hukuzeeka. Ni mimi nilileta mwizi ofisini, nikampa na maneno ya kukuambia.

Nimenunua mtamba, ana mabaka. Halingani na yule dume wako, najua. Yuko kwa baba Nambis, na baba nimemweleza yote. Safari hii aliuliza maswali mpaka kuku wakaingia kulala. Tutamleta sisi wawili kabla ya mvua.

Nitasimama nje ya boma lako nikuamkie kwa mdomo wangu. Usipoitikia, nitamfunga mtamba hapo mlangoni na kurudi zangu.